Nusu Yangu, Nusu ya Nyieka

Mimi na nyieka yangu tulikuwa tunagawana kila kitu katikati, hata kikohozi. Nyieka kwa Dholuo ni mke mwenza, lakini huku kwetu hata mke wa ndugu ya bwana yako unamwita hivyo, na yeye anakuita hivyo. Yeye ameolewa na mdogo wa bwana yangu. Tunakaa boma moja hapa Kisegi, na milango yetu iko karibu mpaka nikipiga chafya, yeye ndiye anapangusa pua.

Mimi sikuzaliwa hapa. Nimetoka Migori, mama Mkuria, baba Mjaluo, na kwa sababu hakuna mmoja wao alikubali kushindwa na lugha ya mwenzake, nyumbani kwetu watu waligombana kwa Kiswahili. Ndiyo maana nakiongea haraka. Shule nilienda siku tatu. Siku ya nne mbuzi wa baba alizaa, nikaambiwa nibaki nimwangalie, na mpaka leo sijaambiwa nirudi.

Kazi yetu ni omena, wale dagaa wa ziwani. Asubuhi mashua zikifika tunanunua pamoja, karai moja watu wawili, tunamwaga kwa neti kuukuu zimetandikwa chini, tunageuza, tunafukuza ndege, zikikauka tunapeleka soko ya Ndhiwa. Karai tunagawa katikati. Chai tunagawa katikati. Siku moja tulipewa mandazi moja na mteja, tukaikata sawa kabisa mpaka ile makombo ya katikati ikakosa mwenyewe, kuku akaila.

Sasa, mtu wa mbali lazima ajue kitu moja juu ya omena. Hiyo samaki inavuliwa giza. Wavuvi wanaweka taa juu ya maji, omena wanakuja kuona ni nini, wanakamatwa. Lakini mwezi ikijaa, omena hawadanganyiki, juu kuna taa kubwa kuliko ya mtu yeyote. Kwa hivyo mwezi ikiwa kubwa mashua zinavutwa mchanga, wanaume wanarudi nyumbani karibu wiki nzima. Wananyolewa, wanakula, wanaharibu redio wakisema wanatengeneza. Na miezi tisa baadaye, hospitali inajaa. Mkunga wetu wa zamani alikuwa haangalii kalenda, alikuwa anaangalia juu tu, anaanza kunoa wembe.

Nyieka yangu ako na watoto wawili, na wote wawili wametolewa kwa kupasuliwa. Mimi najulikana kwa kuongeza chumvi, hata mchungaji ananiambia nikitoa ushuhuda nikate nusu. Lakini hapa siongezi. Ile operesheni ya pili nilikuwa kwa korido, na nilimwona akitolewa amebadilika rangi kama karatasi iliyonyeshewa. Damu ilitoka nyingi. Bwana yake, shemeji yangu, alitoa yake akawekewa yeye. Daktari akamwambia mbele yangu, polepole kama mtu anaongea na mtoto:

"Mama, hiyo tumbo ipumzike. Ukishika mimba saa hii, kovu inaweza kufunguka, na sitaki kukudanganya kwamba tutakuwahi."

Huyo mtoto wa pili alikuwa ametimiza miezi saba wakati haya yalitokea. Na kwa hiyo miezi saba yote, shemeji alikuwa harudi nyumbani mwezi ikijaa. Mara injini imeharibika. Mara neti imeraruka. Mara anabaki kulinda mashua za watu. Injini gani inaharibika kila mwezi ikiwa kubwa, kama ina hedhi? Wanawake pale kwa neti walikuwa wananyamaza nyieka akipita, na nyieka alijua wananyamazia nini. Wavuvi wako na wanawake visiwani, hiyo si habari mpya. Yeye alikuwa anageuza omena tu, anageuza hata zile zimekwisha geuzwa.

Halafu mwezi mmoja akarudi. Jumamosi. Amenyolewa, amevaa shati, amebeba samaki mbuta kubwa ya kula. Nilifurahi kama ni mimi nimerudiwa.

Jumapili alfajiri alikuwa ametoka tena, ati anaenda kushona neti, na usiku akalala huko huko ufuoni. Nyieka siku hiyo hakuongea. Jumatatu asubuhi tuko kwa neti, na zile omena za mwisho ambazo mvua ilikataa zikauke, akaniambia bila kuinua kichwa.

"Ilipasuka."

"Nini? Karai?"

"Kondomu, nyieka."

Nikaweka ufagio chini.

"Aliitoa wapi?"

"Kwa ile koti yake ya ziwani."

Basi hapo nikaelewa kila kitu. Hiyo koti naijua. Mfukoni kuna sigara, kuna plagi ya injini, kuna ndoano, kuna jua ya mwaka mzima. Hiyo kondomu ilikuwa imevua samaki kuliko wavuvi wengine. Ilikuwa imefanya kazi ya ziwa mpaka ikazeeka, na sasa inaitwa kufanya kazi ingine.

Nilitaka kucheka, na angekuwa mtu mwingine ningecheka mpaka Tanzania wasikie. Lakini niliona vile ameshika tumbo lake, pale chini kwa kovu, kwa kiganja, kama mtu anafunga mlango.

"Nikishika mimba nitakufa," akasema. "Na huyu bado ananyonya."

"Hutakufa. Kuna dawa."

Kila mwanamke huku ameisikia. Wanaiita P2, ni tembe ya kumeza baada ya mambo kufanyika bila kinga, ukiwahi kabla siku tatu kuisha. Wasichana wa shule wanaijua kuliko wimbo wa taifa. Na wakati nilikuwa nafikiria vile nitaileta, nikakumbuka mambo yangu pia. Mimi natumia sindano ya miezi mitatu, na tarehe yangu ilipita nikiwa matanga upande wa Migori. Matanga ya ukoo wa mama ni ndefu, hata marehemu anachoka. Nilikuwa nimechelewa siku kumi. Na bwana yangu alikuwa amerudi pia, na huyo hajui kusingizia injini.

"Hata mimi naihitaji," nikamwambia. "Tutakula pamoja."

Nikaenda kwa kemisti peke yangu, kwa sababu mimi aibu yangu niliiacha kwa mama nikija kuolewa. Hivyo ndivyo nilikuwa nadhani. Kufika dirishani, msichana wa dawa mrembo, ananiangalia, na ulimi ikakwama. Nikaagiza dawa ya kikohozi. Nikaagiza ya kichwa. Nikaagiza ya minyoo. Nikaagiza bandeji, na hakuna mtu ameumia. Halafu nikasema ile neno ya mwisho ndani ya shuka yangu.

"P2?" akauliza kwa sauti ya kuita watu mkutanoni.

"Hiyo."

Akaleta kapakiti kadogo. Akaanza kunieleza, "Mama, hii unatumia hivi," na hapo hapo nikasikia mlango nyuma yangu na sauti ikinisalimia ya asubuhi, "Oyawore." Mwenyekiti wa wamama wa kanisa. Rafiki wa mama mkwe wangu. Huyo mama akijua kitu saa nne, saa tano mama mkwe anajua, saa sita anajua hata babu aliyezikwa kabla barabara ije.

"Najua vile inatumika," nikamwambia msichana. "Ni ya mbuzi."

Nikanyakua vitu vyangu nikatoka mbio mpaka kivuli changu kikabaki kwa kemisti kinatafuta mlango.

Kwa neti tukafungua. Vidonge viwili, vyeupe, vidogo kama jino la mtoto. Ndani kulikuwa na karatasi imekunjwa mara mia, maandishi yake madogo kama mayai ya chawa. Nyieka alifika darasa la sita. Akasoma mstari mmoja wa Kiingereza, akajaribu wa pili, akasema hii imeandikiwa mtu wa darasa la kumi na nane.

"Ni moja moja kweli?" akaniuliza.

Na mimi, mtu wa siku tatu za shule, nikamjibu kama daktari mkuu. "Vidonge viwili, watu wawili. Kama ingekuwa ya mtu mmoja si wangetengeneza moja kubwa?"

Ilionekana sawa kabisa. Tumegawana kila kitu maisha yetu yote pale. Tukachukua uji, yeye moja, mimi moja, tukameza pamoja tukiangaliana. Halafu tukacheka, na ile mchana alifanya kazi vizuri, aliimba hata. Jumanne pia aliimba. Hiyo Jumanne naikumbuka sana, kwa sababu alikuwa ameniamini.

Jumatano asubuhi akapita mama wa afya ya kijiji, yule anazunguka maboma na begi ya bluu kupima watoto. Mama mwenyewe anakausha omena kama sisi, si mtu wa kuogopa. Akampima yule mtoto wa miezi saba, akasema ni mzito, na mimi nikaona nijisifu.

"Na mwingine hatumtaki mpaka huyu aende chuo kikuu. Tumeshakula P2."

"Sawa. Mlikula ngapi?"

"Moja moja."

Akacheka. Halafu kicheko kikaisha katikati, akaweka begi chini.

"Moja moja namna gani?"

"Pakiti ilikuwa na mbili. Mimi moja, nyieka moja."

"Yawa," akasema kwa sauti ya chini. "Hizo mbili ni za mtu mmoja, anameza zote pamoja. Nyinyi mmekula nusu nusu."

Ndege walikuwa wanakula omena yetu na hakuna mtu aliwafukuza. Nyieka aliweka mkono pale pale, kwa kovu.

"Ilikuwa siku gani?" mama wa afya akauliza.

"Jumamosi usiku."

Akahesabu kwa vidole. "Tembe nguvu yake inakwisha kila siku unachelewa. Lakini kuna kitu ingine hospitali wanaweza kufanya mpaka siku ya tano. Msingoje kesho. Endeni saa hii."

Sasa hospitali kubwa iko mbele huko, upande wa pili wa ghuba. Na mvua ya wiki hiyo ilikuwa imebeba daraja ya mto, na ng'ombe mmoja, na choo ya shule ikiwa na paa. Haya, ng'ombe naongeza. Lakini boda boda zote zilikataa. Ilibaki njia ya maji, na mwenye injini nzima pale ufuoni alikuwa ni shemeji, amekaa kwa mchanga anashona neti.

"Usimwambie," nyieka akaninong'oneza. "Atasema nimekataa watoto wake. Na kama ako na mwingine huko, nitakuwa nimempa sababu."

Nikatangulia mimi.

"Shemeji, tupeleke ng'ambo. Kuna mgonjwa."

"Nani?"

"Shangazi ya mama yangu."

"Si tulimzika?"

"Ako na dada."

Akaniangalia. Akamwangalia bibi yake, na mtoto mgongoni. Akaweka sindano ya neti kwa kofia, akasukuma mashua bila neno lingine. Njia yote alikaa nyuma na injini yake, haongei, na sisi mbele hatuongei, na mimi nilikuwa na maneno yamejaa shavuni mpaka meno yanauma. Kukaa kimya ni kazi ngumu kuliko kuvuta mashua.

Hospitali tulikuta muuguzi mwanaume, kijana, mtu wa pande za mlima, Dholuo yake ilikuwa "ber", nzuri, na "ero kamano", asante, basi. Tukaongea Kiswahili. Alitupeleka kwa chumba kadogo, akafunga mlango, na akauliza bila kutuangalia kama wezi, hiyo naikumbuka.

"Mama, hiyo ilitokea siku gani?"

Nyieka alikuwa ameogopa, akajibu vile tunajibiana sisi. "Siku wanaume walitoka ziwani."

"Hiyo ni lini?"

"Mwezi ikiwa karibu kujaa."

Muuguzi akatoa simu. "Kwetu wanaume hutoka shambani kila jioni, kwa hivyo nisaidieni. Ni siku gani ya wiki?"

"Jumamosi usiku," nikamwambia. "Na hajamgusa tena tangu hapo, aliogopa akakimbilia neti."

"Leo ni Jumatano mchana. Siku tano hazijaisha. Mmefika."

Nikaona nyieka anapumua kama mtu ametolewa mzigo wa kuni kichwani, lakini ni kuni moja tu imetoka, zingine bado. Muuguzi akamuuliza mambo mengi, akimwambia kwanza kwa nini anauliza. Kama kuna dawa anakunywa kila siku, za TB ama zingine, kwa sababu kuna zile zinapunguza nguvu ya tembe. Kama ananyonyesha. Kama ile siku kuna kitu ingine anaogopa, kama virusi, apimwe. Akamwambia ile tembe si ya kutoa mimba vile watu wanasema sokoni, inachelewesha yai tu lisitoke, kwa hivyo yai likiwa limeshatoka haisaidii. Na nusu ya dozi siku ya pili, hiyo hawezi kumwambia aitegemee.

Halafu akanigeukia. "Na wewe, mama?"

Nikampa kadi yangu ya sindano. Hiyo kadi natembea nayo kwa mfuko ya plastiki kama kitambulisho. Akaisoma, akahesabu, akaiweka mezani.

"Umechelewa siku kumi tu."

"Kumi nzima."

"Mama, hii sindano hata ukichelewa wiki mbili, tatu, hata nne, bado inakulinda. Ungekuja tu ukadungwa ingine. Hukuhitaji hiyo tembe."

Nilitafuta mzaha nikaukosa. Mtu akinijua atakuambia hiyo haijawahi kutokea, hata siku ya kuzikwa kwa baba nilipata mbili. Kile kidonge nilimeza na uji, kile cheupe, kilikuwa cha nyieka. Kama ningefunga mdomo wangu na kumwachia zote mbili, siku ya Jumatatu, ingekuwa ndani ya siku zake. Nilikula nusu ya dawa ya mtu ambaye angekufa, na mimi sikuwa mgonjwa.

"Nyieka," nikaanza.

"Nyamaza kwanza," akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anamwangalia muuguzi. "Hiyo ingine ni nini?"

"Koili," muuguzi akasema. Akaitoa ya mfano kwa droo. Kitu ndogo kama njiti ya kiberiti iliyonyoosha mikono, imevaa waya ya shaba. "Inawekwa ndani ya kizazi. Ikiwekwa kabla siku tano kuisha inazuia mimba kuliko tembe yoyote. Na ikikaa, inakulinda mpaka miaka kumi. Ukitaka mtoto kabla ya hapo unakuja, tunaitoa."

"Watu wanasema inatembea."

"Inaenda wapi?"

"Kwa moyo."

"Mama, haina miguu, na hiyo barabara haiko. Mara chache inaweza kusukumwa nje, ndiyo maana utarudi niiangalie. Damu ya mwezi inaweza kuwa nyingi kidogo mwanzoni, na tumbo kukaza. Ukipata homa ama maumivu makali, usikae nyumbani, uje."

"Na kovu ya operesheni?"

"Miezi saba imepona. Nitaangalia kwanza kabla niguse kitu."

"Na bwana?"

Akaweka ile koili ya mfano mezani. "Hii mwili ni yako. Ni wewe unakubali, si yeye. Ukitaka kumweleza, mweleze. Ukitaka nimweleze mimi, mwite. Ukitaka ibaki hapa, itabaki hapa."

Nyieka akanigeukia. "Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Miaka yote ananiuliza, na miaka yote najibu kabla hajamaliza. "Mimi usiniulize," nikamwambia. "Jumatatu nilikujibu na ona tuko wapi. Muulize yeye mpaka achoke."

Akamuuliza. Aliuliza hadi kama inaweza kuvutia radi, kwa sababu ya ile waya. Kijana wa watu alijibu yote, hata ya radi, bila kucheka. Na mwisho nyieka akafungua mtoto mgongoni akanipa.

"Niwekee," akamwambia.

Nilimshika mkono na huku nimebeba mtoto na mkono mwingine. Haikuchukua muda mrefu. Lakini alinifinya vile mamba anafinya mguu wa ng'ombe, na mpaka leo kidole changu kimoja kinaangalia Tanzania. Baadaye na mimi nikadungwa sindano yangu, na sikulia, kwa sababu niliona sina haki.

Tukarudi ufuoni. Shemeji alikuwa amekaa ndani ya mashua pale pale tulimwacha, hata chai hakwenda kunywa. Akatusaidia kupanda. Tulipofika katikati ya maji akasema, akiangalia mbele:

"Wamesema nini juu ya kidonda?"

"Kidonda gani?" nyieka akauliza.

"Ya operesheni. Shangazi hakuna."

Nyieka aliniangalia. Mimi nikaangalia ziwa, kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona.

"Wamesema imepona," akajibu. "Wameniweka kitu ya kuzuia mimba. Miaka kumi, ama mpaka niseme itoke." Alisema yote mara moja, kama mtu anaruka shimo. "Ile siku iliniogopesha."

Injini ilikuwa inalia na nikafikiria, haya, sasa tutarushwa majini, na mimi kwa uzito wangu nitafika chini kwanza.

"Injini haijawahi kuharibika," shemeji akasema.

"Nini?"

"Hizo miezi zote. Injini ilikuwa nzima. Mimi ndiyo nilikuwa naogopa kukuja. Nilikuona pale hospitali. Nikasema nikirudi nyumbani nitakuua."

Nyieka akageuka kumwangalia. Halafu akasema, "Mimi nilijua uko na mtu visiwani."

"Mtu gani? Vile nanuka?"

Alicheka, na ndani ya kile kicheko machozi yakatoka, na mtoto akaona mama yake anacheka na kulia akaamua kulia moja kwa moja, hakuna kugawa. Mimi nikajifanya natoa maji ndani ya mashua na kopo. Ilikuwa kavu kabisa.

"Inauma?" shemeji akauliza.

"Kidogo."

Akapunguza injini. Tulienda polepole mpaka bata wakatupita, kama tumebeba mayai, na tulifika jua ikiwa karibu na maji. Mtu yeyote akiona alidhani petroli imeisha.

Muuguzi alikuwa amesema baada ya wiki tatu apime mkojo, kwa uhakika. Hizo wiki tatu zilikuwa ndefu kuliko matanga yote ya Migori. Nilimwomba msamaha kwa kile kidonge, nikamwomba tena, kila asubuhi kwa neti, mpaka akasema nikimwomba tena atanipiga na ufagio. "Sisi wote tulimeza," akasema. "Na mimi ndiye nilijua kusoma." Lakini nilimwona vile anaamka na kujigusa matiti kama yamekuwa mazito, vile anakataa samaki halafu anaogopa kwa sababu amekataa samaki. Hedhi yake ilikuwa haijarudi tangu azae, kwa hivyo hakuwa na kitu ya kungojea isipokuwa hiyo siku.

Siku yenyewe alienda choo asubuhi na kale kakaratasi kembamba ka kupima mimba mama wa afya alimletea. Shemeji hakwenda ziwani usiku uliotangulia, ingawa mwezi ilikuwa nusu tu, na ikizama kuna giza ya omena. Alisimama nje ya choo amevaa suruali yake ya kanisa, sijui kwa nini, ameshika saa ya mkono kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na mtoto.

"Dakika ngapi?" akaniuliza.

"Wewe ndiye umeshika saa."

Nyieka akatoka. Akanyoosha mkono. Shemeji akaangalia kale kakaratasi, akaangalia tena, akachanganyikiwa.

"Hii inasemaje?"

"Mistari miwili ni mimba," nyieka akasema. "Mmoja si mimba. Macho yangu yanatetemeka, hesabuni nyinyi."

Kusoma sijui, lakini mstari najua. Nilikaleta kwa jua. Nilikageuza hivi, nikakageuza vile, na mara hiyo sikuongeza hata kidogo.

"Ni mmoja," nikasema.

Shemeji alikaa chini, pale pale kwa udongo, na ile suruali yake. Akaweka kofia usoni. Nyieka akakaa kando yake, akachukua mtoto kwangu, akamnyonyesha. Baada ya muda shemeji akatoa kofia akasema anasikia njaa, hajakula tangu jana mchana. Mimi nikaenda kuwasha moto.